Kanusho la Harusi ya Kwetindwa

Ipo nchi moja, jina lake Angasafi, na ukiulizwa nani kakusimulia habari zake, tafadhali usinitaje. Mimi ni mtu wa amani. Nasema tu yale ambayo kila mtu kule anayajua na hakuna aliyewahi kuyasikia.

Angasafi ni nchi nzuri, jamani, msidhani naisengenya. Ina mito, ina Rais, ina wimbo wa taifa wenye beti nyingi. Kitu kimoja tu haina: ndege za kivita zisizo na rubani. Hizo haina kabisa. Waziri wa Ulinzi alilieleza jambo hili bungeni hadi wabunge wakapiga meza kwa furaha: "Waheshimiwa, ndege hizo hatuna. Hata hizo tulizonazo haziruki. Na zikiruka, huruka kwa amani, wala hazijawahi kumlenga mtu asiyestahili." Spika akamshukuru kwa kuumaliza ubishi.

Tatizo ni ule mvumo. Mvumo mwembamba, usiokatika, unaokuja wakati wowote na kuzunguka juu ya mapaa mpaka watoto wananyamaza wenyewe. Kwanza serikali ilisema ni mashine za kusaga. Baadaye ikasema ni nyuki, na ili kulithibitisha hilo ikajenga mjini Chuo cha Taifa cha Ufugaji Nyuki, chenye ukuta mrefu, seng'enge juu ya ukuta, na madishi makubwa ya mawasiliano juu ya paa. Nyuki hajaonekana pale hata mmoja. Lakini vijana huingia asubuhi na kutoka jioni macho mekundu, na langoni kuna mzee anauza asali iliyotoka nchi jirani.

Raia aliyeendelea kulalamika alipelekwa Kliniki ya Masikio akatiwa matone. Aliyetazama juu alivalishwa kola ngumu ya shingo, kwa faida ya afya yake mwenyewe. Watu wa Angasafi wakazoea kutembea wakitazama vidole vya miguu, na mgeni mmoja wa heshima alisema hajapata kuona taifa lenye unyenyekevu kama lile.

*

Katika nchi hiyo aliishi Semkiwa, msomaji wa makanusho. Alikuwa mwajiriwa wa Wizara ya Ukanushaji, na sauti yake nchi nzima iliijua: nzito, ya taratibu, sauti ya mtu aliyekula akashiba. Kijiji kikipigwa, Semkiwa alisoma redioni kwamba hakikupigwa, na watu walilala. Mwenyewe alikuwa halali vizuri, lakini hilo halikuwa katika majukumu yake.

Wizara hiyo ina utaratibu wake, na naomba tuelewane hapa, maana ndipo balaa lilipoanzia. Kwanza, hakuna kinachoandikwa. Mkurugenzi wa Ukanushaji, Bwana Ngwalida, alikuwa akisema kwamba karatasi inayosema hakuna kitu, yenyewe tayari ni kitu. Kwa hiyo kanusho hufundishwa kwa mdomo. Mkurugenzi hutamka, msomaji huitikia, mara nyingi, kama watoto wa chekechea wanavyofundishwa majina ya wanyama, mpaka limkae kichwani.

Pili, kanusho hufundishwa mapema. Zamani lilikuwa linachelewa, watu wanazika kabla hawajakanushiwa, aibu tupu. Ndipo ikaamuliwa kwamba kila kanusho liwe tayari kabla ya tukio. Semkiwa alijua maana ya utaratibu huo, nani asiyejua? Lakini alikuwa akijiambia kwamba ni mazoezi tu, na vijiji vyenyewe vilikuwa vya mbali, majina ambayo hakuyajua.

Alhamisi moja Mkurugenzi akamwita, akafunga mlango, akasafisha koo.

"Rudia baada yangu. Wizara inakanusha vikali."

"Wizara inakanusha vikali."

"Uvumi kwamba Jumamosi saa nne asubuhi, katika kijiji cha Kwetindwa..."

Semkiwa akafungua mdomo, sauti haikutoka. Ile sauti ya taifa, jamani, ikakwama kama kipande cha muhogo.

"Kwetindwa," Mkurugenzi akarudia. "Jina gumu? Ni huko milimani."

"Kwetindwa," akasema Semkiwa.

"Kundi la watu waliobeba silaha ndefu mabegani lilishambuliwa kutoka juu. Juu hakuna kitu. Kwetindwa ni shwari. Waliosalia wanaendelea na shughuli zao."

Alilirudia lote, neno kwa neno. Kwetindwa ndiko alikozaliwa. Jumamosi saa nne ilikuwa harusi ya mdogo wake, Nakiete. Pale wizarani hakuna aliyejua, kwa sababu watu wa milimani hawaajiriwi, inasemekana wana masikio mabaya, na siku ya usaili Semkiwa alisema yeye ni mtoto wa mjini.

*

Na zile silaha ndefu? Loo, hapo ndipo utalia ucheke.

Kwetindwa wana desturi yao. Bwana harusi haji kumchukua mke kinyonge. Huja na wanaume wa ukoo wake kwa safu mbili, wakiongozwa na jemadari, wanaimba nyimbo za vita, na kila mmoja ana mua mrefu begani, uliobabuliwa kwa moto ukawa mweusi unang'aa. Ukoo wa bibi harusi hufunga njia, husukumana nao, halafu hushindwa kwa hiari. Miwa haionjwi na mtu mpaka bibi harusi avunje wa kwanza gotini na kumpa mama mkwe nusu. Walikuja hivyo siku ya posa, wakaondoka wakiimba kwamba watarudi na kuchukua walichokifuata. Wameonwa kutoka huko juu ambako hakuna kitu, na wameeleweka kama walivyoeleweka.

Semkiwa aliyawaza haya akiwa amesimama mlangoni, mkono kwenye kitasa. Akageuka.

"Mkurugenzi, naomba kuuliza."

"Uliza, ila usiniulize mimi."

"Kama, nasema kama tu, kungekuwa na kitu juu. Na kitu hicho kikaona wanaume wamebeba miwa, kikadhani ni bunduki..."

"Nani kaona?"

"Hakuna aliyeona, Mkurugenzi."

"Basi nani kakosea?"

"Hakuna."

"Sasa unataka nimsahihishe nani?" Bwana Ngwalida alisema kwa upole, mtu wa adabu sana yule. "Kijana wangu, kisichokuwepo hakiwezi kukosea. Huo ndio uzuri wake." Halafu akamtazama vizuri, kichwa upande. "Hivi wewe kwenu ni wapi vile?"

"Hapa hapa mjini, Mkurugenzi."

"Mtaa gani?"

Semkiwa akataja mtaa wa kwanza uliomjia. Mkurugenzi akatikisa kichwa polepole, akasema ni mtaa mzuri, una hewa.

*

Alipiga simu nyumbani kutoka nyuma ya jengo, akizungumza kwa mafumbo, maana simu za Angasafi husikilizwa na watu wengi kuliko redio yake.

"Nakiete, mdogo wangu, nisikilize. Jumamosi msibebe miwa."

"Nini?"

"Miwa. Mwambie mchumba wako Mweta na wenzake waje mikono mitupu. Au ahirisheni. Au fanyeni ndani, mmoja mmoja."

"Kaka, umelewa saa hizi?" Nakiete alicheka. Alipoona yeye hacheki, akakasirika. "Mweta aje mikono mitupu ili mimi niambiwe nimetoroshwa? Mawifi zangu wataniimba mpaka nazeeka! Miwa imeshakatwa, imeshababuliwa, iko hapo ukutani. Sema kama hutaki kuja, usitafute visingizio."

"Nakiete, kuna hatari."

"Hatari gani?"

Akashindwa kuitaja. Akasema, "Ya kutoka... upande ule."

Sauti ya mama yao ikaingia, mama aliyekuwa amesimama karibu akisikia kila kitu.

"Mwanangu, upande wa juu? Huo si ulisema mwenyewe hakuna kitu? Zamani mimi nilikuwa nikisikia ule mvumo naingia uvunguni. Muulize mdogo wako. Shamba likaota magugu kwa kuogopa. Lakini tangu ulipoanza kusema redioni, nikasema, yule ni mwanangu, nimemzaa mimi, hawezi kunidanganya. Sasa unavuma mimi naanika nguo zangu."

"Mama..."

"Kijiji kizima hapa hawaogopi tena kwa sababu yako, baba. Njoo ule pilau, acha mawazo."

Simu ikakatwa, salio au wasikilizaji, sijui. Semkiwa alichuchumaa kwenye ukuta ule, akaweka ngumi mdomoni. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani, na kilichomuuma zaidi ni kwamba walikuwa wakimwamini.

Akaenda kwa Bi. Pendaeli, msomaji mwenzake, mama mmoja mkimya ambaye kwa miaka yote ile hakuwahi kumwambia zaidi ya "za asubuhi". Akamwomba amshikie zamu ya Jumamosi.

"Unaumwa?"

"Kwetu ni Kwetindwa," akasema Semkiwa. Neno lilimponyoka tu. Akasubiri mwenzake apige kelele waje askari.

Bi. Pendaeli akafunga pochi yake. "Nenda," akasema. "Nitasoma mimi."

*

Lori la viazi lililompeleka liliharibika mara kadhaa, na kipande cha mwisho alikipanda kwa miguu, mbio, akihema, tai ya wizara imegeukia mgongoni. Alipofika kwenye kona ya chini ya kwao, safu mbili zilikuwa zinapanda kilima. Miwa begani, myeusi, inang'aa juani. Mbele yao jemadari, Mzee Shekulwa, anatembea kinyumenyume akiwaongoza wimbo wa kuteketeza maadui. Hata mimi ningewapiga.

Na juu yao, mvumo.

Wote walikuwa wanausikia, msidanganyike. Mabega yao yalikuwa yamepanda mpaka masikioni. Walichofanya ni kuimba kwa nguvu zaidi na kutazama vidole vya miguu.

Semkiwa akajitupa katikati ya safu, akamnyang'anya Mweta mua wake, bwana harusi mwenyewe, akaupachika kwenye magego akauchana.

"Kuleni!" akapiga kelele, maji ya mua yanamchuruzika kidevuni. "Kuleni miwa! Kaeni chini mle!"

"We mtoto una wazimu?" Mzee Shekulwa akaja juu. "Mua wa bibi harusi huo! Umetuharibia ndoa!"

"Mzee, kiko juu. Kinadhani ni bunduki. Kuleni kione!"

"Kitu gani? Si wewe uliyesema hakuna kitu?"

"Nilidanganya."

Wimbo ukafa. Mama yake alikuwa amesimama getini na wanawake wa kufunga njia, kanga mpya kiunoni. Akasogea.

"Umesema nini?"

"Nilidanganya, mama. Kipo. Kilikuwepo siku zote." Alikuwa analia sasa, mtu mzima na tai yake. "Nilijua."

Mama alimtazama. Sitaki kueleza alivyomtazama, maana kulikuwa na makaburi mapya kule ng'ambo ya milima, na waliozikwa humo aliwajua. Kisha akauchukua mua kutoka begani kwa kijana wa karibu, akaketi chini kwenye vumbi na kanga yake mpya, akaumenya kwa meno machache aliyobakiwa nayo.

Wengine wakafuata. Safu zikaketi. Wanaume wazima wakachana maganda, wakatafuna, wakatema makapi mbali, mengi mengi, ili yaonekane. Wasio na meno walifyonza. Na kwa sababu walitaka waonekane vizuri, waliinua nyuso juu, wakakiona kwa mara ya kwanza: kidogo, cheupe, kama kijiti cha kiberiti kilichobandikwa mbinguni, kinazunguka. Mmoja akaanza kukipungia mkono kwa adabu huku machozi yanamtoka. Ilisikika mitafuno tu na ule mvumo, na fizi zilitoka damu, na bado walitafuna.

Huko Chuo cha Ufugaji Nyuki mimi sikuwepo. Nasikia tu kwamba kijana mmoja mwenye macho mekundu alimwita mkubwa wake.

"Afande, wanakula bunduki."

"Rudia."

"Wanakula bunduki, afande. Wanatema makapi."

Mkubwa akaja akatazama kwenye kioo kwa muda mrefu. Mwishowe akauliza swali moja tu, swali la mtu aliyesoma vyuo vya nje: "Zinaota wapi?"

*

Mvumo ulififia, ukaondoka. Weee! Watu walikumbatiana, wakagaragara, Mzee Shekulwa akambeba Semkiwa mgongoni kama mtoto. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka koo zikakauka. Pilau likapakuliwa, na Semkiwa akala sahani nzima bila kupumzika, akaomba nyingine. Mama yake ndiye aliyempakulia. Hakumsemesha, lakini alimwekea nyama.

Nakiete alitoka ndani akakuta njia yote imejaa makapi. Alilia kwanza kwa ajili ya miwa, halafu alipoelezwa akalia kwa ajili ya wao wote, halafu akarudi tena kwenye miwa.

"Sasa nitavunja nini?"

Wazee wakakaa kitako. Wakasema wanashukuru uhai, lakini ndoa bila mua si ndoa, na mawifi walishaanza kunong'ona. Mweta akainuka, kijana mchangamfu yule, meno yote yanaonekana.

"Bonde la miwa si hapo chini tu? Tunashuka na wenzangu, tunakata mingine, alasiri hii tumerudi."

"Mmoja tu unatosha," Nakiete akamwambia, akamfuta vumbi begani.

"Mmoja? Wote tutabeba. Uolewe kama watu."

Wakashuka, wanaimba. Semkiwa aliwatazama wakienda na roho yake ikatulia, kwa sababu kanusho lilikuwa la saa nne na saa nne ilikuwa imepita. Yeye mwenyewe mtu wa makanusho, hakuwaza zaidi ya hapo. Akanyoosha miguu kivulini, akasinzia.

Aliamshwa na redio. Mama alikuwa ameifungulia kwa mazoea, saa ya makanusho, akataka kusikia nani kakaa kwenye kiti cha mwanawe. Ilikuwa sauti ya Bi. Pendaeli, ila haikuwa shwari kama siku zote. Ilikuwa inakimbia.

"Wizara inakanusha vikali uvumi kwamba leo saa kumi alasiri, katika bonde la miwa la Kwetindwa, shamba la kuoteshea silaha lilishambuliwa kutoka juu. Narudia, saa kumi. Bonde la miwa, Kwetindwa. Narudia tena..."

Redio ikakatika, pakapigwa muziki wa bendi ya jeshi.

Semkiwa alikuwa ameshasimama. Bondeni hakukuwa na moshi. Hakukuwa na kitu, kijani tu, mpaka mtoni. Wasomaji hawarudii. Wasomaji hawasomi kabla.

"Amewahisha," akasema. "Pendaeli amewahisha makusudi. Bado haijafika."

"Kaka," Nakiete akauliza, "sasa hivi saa ngapi?"

Hakungoja ajibiwe, aliuona uso wake. Akavua viatu, akang'oa shela kichwani akaifumbata mkononi, akateremka kilima mbio, gauni jeupe linaburuta vichaka, anaita jina la mume wake. Semkiwa nyuma yake. Mama nyuma yao, na wanawake wote wa kufunga njia. Ule mvumo mwembamba ulikuwa umeanza kusikika tena, kutoka upande wa mjini.

Chini kabisa, kwenye ukingo wa shamba, Mweta na wenzake walikuwa wanatoka kwenye miwa kwa safu mbili, mabega yamejaa. Walikuwa wanaimba, hawakusikia kelele za mtu. Mweta akamwona bibi harusi wake anashuka kilima mbio, shela inapepea mkononi, akacheka, akadhani uvumilivu umemwisha. Akauchagua mua mrefu kuliko yote, akauinua juu kwa mikono miwili amwonyeshe.